Gololi ya Gia ya Tatu

Jumapili, misa ya kwanza ikishatoka,
tunaifungua tena:
mimi, Nkwabi wa vipuri, na mzee Rutashobya
aliyestaafu melini na bado huita kila kitu injini.
Ni Igogo, nyuma ya gereji, kivulini mwa jiwe
ambalo upande wa pili ni ukuta wa jikoni mwa watu.

Hakuna aliyetutuma. Lori lenyewe halipo:
lilibeba pamba, likabeba kokoto,
likauzwa chuma chakavu, kilo kwa kilo.
Giaboksi ilibaki kwa sababu siku ya mzani
Nkwabi aliikalia, akasema,
"Hiki ni kiti changu."

Bolti kumi na nne, nazilegeza kwa msalaba.
Oili inashuka karaini, nyeusi, nzito, haina haraka.
Rutashobya anaipikicha kwa vidole viwili
kama mnunuzi anayepima unga.
"Shaba," anasema. "Bushi inalika."
Wiki iliyofuata alikuja na kipande cha pampu
ya meli iliyokufa kabla mimi sijaolewa,
na Nkwabi akakikereza usiku kucha, umeme ukikatika, ukirudi,
hadi kikaingia kwenye shafti bila nyundo,
kwa pumzi tu.

Nami kazi yangu ni meno.
Nayasugua kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani,
moja moja, mshazari wake ukijitokeza.
Gia kubwa hutembea, ndogo hukimbia,
zote hufika pamoja.
Ukitaka nguvu, toa mwendo.
Ukitaka mwendo, toa nguvu.
Miaka ishirini nimeuza dagaa Kirumba,
mzani wa haki namna hiyo sijauona.

Jumapili ya sita tukaifunga.
Nkwabi akazungusha kwa mkono. Ya kwanza: imo.
Ya pili: imo, kama ufunguo wa nyumbani.
Ya tatu ikaingia,
ikakaa,
tko. Ikachomoka.
Tena. Tko.

"Gololi," tukasema, watu watatu, mdomo mmoja.
Kidude cha chuma, mbaazi tu kwa ukubwa,
kinachodumbukia kwenye kishimo cha fimbo
na kuiambia gia: kaa hapa, usihame.
Tulichekecha oili. Tulipitisha sumaku kwenye vumbi.
Tulikunjua pindo za suruali ya Nkwabi.

Kisha ng'ambo ya jiwe mtoto akapiga kelele:
"Nimekula! Zote nimekula!"

Nikazunguka. Binti wa miaka minane, Minza,
ngumi imefumbwa, mfuko wa kaptula umevimba.
"Iliteremka yenyewe kwenye jiwe," akasema,
kabla sijauliza.
"Haivunjiki. Imeshinda kumi na tisa za kioo."
Nikatoa shilingi elfu. Akaitazama elfu
kama mtu anayetazama mvua ya mbali.
Nikarudi na beringi kuukuu, nikaipasua,
nikammwagia gololi saba, kubwa, zinang'aa.

Akazivingirisha jiweni, moja moja,
sikio karibu na ardhi.
Ya tano akanirudishia. "Hii ina kidonda."
Sikuona kitu. Nikaigeuza juani, nikaigeuza tena:
kweli, doa, kama ncha ya sindano.
"Hizi sita nazitaka," akasema,
"lakini nione yangu inakokwenda."

Basi akaiingiza mwenyewe tunduni.
Springi juu yake, kizibo, spana robo mzunguko;
Rutashobya alishika taa ingawa ilikuwa mchana.
Ya tatu ikaingia, ikakaa.
Nkwabi akaitikisa, akaisukuma, akaitukana kidogo.
Ikakaa.

"Inavuta nini?" akauliza Minza.
Tukatazamana.
"Haivuti kitu," nikasema.
Akatikisa kichwa, hakuona ajabu yoyote,
akapangusa oili kwenye kaptula,
akachuchumaa karibu zaidi.
"Haya. Sasa nionyesheni ya kurudi nyuma."